Siku 28 za Mwanzo



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), tunajiusia sisi wenyewe na kuwausia ninyi kumcha Allah. Leo tunazungumza nanyi wa Milepa, na wote mnaotusikia bondeni Rukwa na huko juu Ufipa, juu ya jambo litendekalo katika giza la tumbo la mama.

Sura ya Al-Muuminun, aya ya 12 hadi ya 14, yatufunza kwamba mwanadamu huumbwa kwa hatua, hali baada ya hali. Wataalamu nao walizitafuta hatua hizo kwa karne nyingi. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Aristotle wa Uyunani alieleza yaonekanayo ndani ya yai la kuku linaloatamiwa: siku ya tatu moyo huonekana kama doa la damu lenye kupiga. Hata hivyo, katika karne ya 17 walikuwako waliodhani kuwa mtoto amekwisha kukamilika, mdogo mno, ndani ya yai au mbegu, na kwamba kazi yake ni kukua tu. Mwaka 1759 Caspar Friedrich Wolff aliipinga rai hiyo. Baadaye alionyesha kwamba utumbo wa kifaranga huanza kama utando bapa, kisha utando ukajikunja ukawa mrija.

Kwa nini tunayasema haya mimbarini? Kwa sababu ubongo na uti wa mgongo wa mwanadamu nao huanza kama utando, kingo zake zikainuka na kukutana. Mrija huo hufunga kwa kadiri ya siku 28 tangu mimba kutunga. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Siku hizo mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Afikapo kliniki mwezi wa tatu au wa nne, jambo hilo limekwisha kupita.

Mwaka 1991 utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo, ulionyesha kuwa asidi ya foliki hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 72. Kanuni za nchi yetu za mwaka 2011 ziliagiza unga wa viwandani utiwe kirutubisho hicho. Lakini mahindi tunayosaga mashineni kijijini kwa kawaida hayatiwi kitu. Maharage na mboga za majani husaidia, ila yafaa mke aanze vidonge, mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi amwone daktari kwanza, maana kipimo chake ni kikubwa zaidi.

Enyi waume, msimlaumu mke, wala msitafute mchawi. Mtoto mwenye mgongo wazi si laana, ni amana. Msimfiche ndani, mpelekeni hospitali upesi, kwani wapasuaji wako, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Na ninyi wazazi mnaooza, katika maandalizi ya harusi, vidonge hivyo navyo viwekeni katika hesabu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde walio matumboni, na atupe hekima ya kuwatunza kabla hatujawajua. Amin.