Kujuana Kwanza, Kulipa Baadaye
Mazungumzo na wanunuzi wa viwanja na nyumba, Manispaa ya Kigoma Ujiji



Leo tunazungumzia mikutano inayowakutanisha wanunuzi, wauzaji, madalali na wenye mitaji ya ardhi na nyumba. Iwe ukumbini Mwanga au barazani Ujiji, mikutano hiyo ina manufaa, mradi mlaji ajue amefuata nini. Aliyejiwekea akiba ya miaka mingi kutokana na dagaa au mawese hana akiba ya pili akiipoteza ya kwanza.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mahusiano ya biashara nayo huundwa mapema. Kabla ya kwenda, andikeni mambo matatu: eneo mnalolitaka, matumizi yake, na kiasi cha fedha mlicho nacho. Mawili ya kwanza yasemeni wazi, ili mwenye taarifa awasaidie. La tatu libaki siri yenu, kwa maana muuzaji akilijua, bei hupanda kulifuata.

Mkifika, msimkimbilie mwenye kiwanja cha kuuza. Anzeni na wasio na cha kuuza: aliyekwisha kununua na kujenga katika eneo hilo, mpima ardhi, wakili, fundi. Muulizeni aliyenunua: baada ya bei, alilipa gharama zipi nyingine? Hati aliipata baada ya muda gani? Maji na barabara vipo? Nanyi toeni mnachokijua, kwani anayepokea tu huchokwa upesi. Kwa dalali, ulizeni ametumwa na nani, na ujira wake unalipwa na nani, lini.

Hata hivyo, kufahamiana si uthibitisho. Mtu mwenye heshima mtaani anaweza naye kuwa amedanganywa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata malipo ya awali, timizeni haya:

Kwanza, fikeni kwenye kiwanja mchana, mwone alama za mipaka, mzungumze na majirani wa pande zote.

Pili, kama ardhi imesajiliwa, ombeni upekuzi rasmi katika daftari la ardhi, ili mjue mmiliki ni nani na kama ipo rehani au zuio. Barua ya serikali ya mtaa humtambulisha mtu. Haiwi hati miliki.

Tatu, nyumba ikiwa ya urithi, takeni kumwona msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ikiwa ni makazi ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi.

Nne, nje ya mji, ulizeni kama ni ardhi ya kijiji. Hiyo husimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na haiuziki kwa neno la mtu mmoja tu: halmashauri ya kijiji lazima ihusike.

Tano, kiwanja kikisifiwa kwa kuwa karibu na maji, pimeni umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukoni mwa ziwa. Zaidi ya sheria, Ziwa Tanganyika lenyewe hupanda na kushuka. Wakazi wa mwambao wanakumbuka maji yalivyoingia majumbani miaka ya karibuni.

Mkiambiwa kwamba wengine wanasubiri na fedha zitolewe leo hii, ahirisheni. Muuzaji wa kweli hapungukiwi kitu mkichukua siku chache za kuhakiki. Mkiridhika, mkataba uwe wa maandishi, malipo yapitie benki, na risiti zitunzwe. Kwa ardhi iliyosajiliwa, miliki haihami mpaka uhamisho nao usajiliwe. Ukizuka mgogoro, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pakiwa na utapeli, nendeni polisi.

Nendeni mikutanoni, mjuane na watu. Rafiki wa kweli katika biashara hii ni yule anayekubali kufuatana nanyi mpaka kwenye kiwanja, kisha mpaka ofisi ya ardhi.