Moshi Uzuiwe Bandarini Kismayu



Maoni ya leo ni juu ya hewa tunayoivuta. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012, katika kifungu cha 25, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya yake, na haki ya kulindwa dhidi ya uchafuzi. Haki hiyo ni deni, na mdaiwa wa karibu kabisa ni serikali ya jimbo la Jubaland. Nasema ilipe deni hilo kwa sera ya kupunguza moshi wa magari, jenereta na viwanda, na kwamba sera hiyo ianzie bandarini Kismayu.

Kwa nini bandarini? Jubaland haisafishi mafuta ghafi, haiundi magari wala haitengenezi jenereta. Vyote huagizwa kutoka nje: vingine huvuka mpaka kwa barabara, lakini shehena kubwa huja kwa bahari na kushushwa gatini, mbele ya macho ya watoza ushuru. Moshi ukishatawanyika katika maelfu ya bajaji na malori, hakuna askari wa kuukimbiza. Ukiwa bado ni mzigo melini, afisa mmoja mwenye sheria mkononi na kipimo mezani anaweza kuuzuia.

Huenda mtu akauliza: na sisi wa Chula yatuhusu nini? Chula si mahali pa malori wala viwanda. Ni kisiwa cha wavuvi, kama Koyama, Chovai na Ngumi. Lakini angalia moshi wetu unatoka wapi. Unatoka kwenye mashine ya mashua inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, kwenye jenereta la taa na simu, na kwenye jiko la kuni na makaa. Msimu wa kusi, mvua ikinyesha na milango ikifungwa, moshi wa jiko hubaki ndani na mama na mtoto wake mgongoni. Petroli hiyo, mashine hiyo na jenereta hilo kwa kawaida vimepita bandarini kabla ya kufika kwetu. Sera ya bandari ni sera ya kisiwa pia.

Na madhara yenyewe si madogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, unachangia vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka duniani. Chembe za masizi ni ndogo mno: hupita puani, hushuka mapafuni, na nyingine huingia damuni. Humletea mtoto pumu na homa ya mapafu, na humletea mtu mzima kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Msikilizaji, bara letu limeshawahi kushinda vita vya namna hii. Juni 2001 serikali za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuachana na petroli yenye madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto. Kufikia Januari 2006 petroli hiyo ilikuwa imeondolewa katika eneo hilo. Dereva hakuambiwa anunue gari jipya. Mafuta ndiyo yaliyobadilishwa, na yalibadilishwa yanakoingilia.

Majirani zetu wakafanya vivyo hivyo kwa dizeli. Dizeli yenye salfa nyingi hutoa masizi mengi na huharibu vichujio vya moshi kwenye magari. Januari 2015, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilianza kufuata kiwango kimoja cha salfa: sehemu 50 tu katika milioni. Kabla ya hapo Kenya iliruhusu dizeli ya sehemu 500, mara kumi zaidi. Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Kama tumeingia katika nyumba hiyo kwa ajili ya biashara, basi tuingie pia katika kanuni zake za afya. Kila meli ya mafuta inayotia nanga Kismayu itolewe sampuli, ipimwe, na isishushe tone mpaka majibu yatoke.

Yapo pia magari ya mitumba. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Mlango wa Mombasa ukifungwa, gari kuukuu hutafuta mlango ulio wazi, na Kismayu isikubali kuwa mlango huo. Jimbo liweke ukomo wa umri unaojulikana, lisimamie pale gatini, na litoze ushuru mdogo zaidi kwa bajaji za umeme na mashine za mashua zisizochanganya oili na petroli.

Sasa tuyaseme makaa, maana hapa ndipo tulipofunzwa kwa uchungu. Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku makaa ya Somalia kuuzwa nje. Mwaka huohuo wapiganaji wa al-Shabaab walitoka Kismayu, wakaacha marundo makubwa ya makaa. Marufuku ilikuwepo kwenye karatasi, lakini wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba shehena ziliendelea kwenda nchi za Ghuba. Ilibidi Oktoba 2014 azimio jingine, namba 2182, liruhusu vyombo vinavyoshukiwa vikaguliwe baharini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kati ya 2011 na 2017 miti milioni 8.2 ilikatwa Somalia kwa ajili ya makaa. Migunga iliyochukua miaka mingi kukua iliteketea tanurini kwa siku chache. Moshi wa matanuri ukabaki vifuani mwa vijana waliokuwa wakiyachoma, na faida ikapanda majahazi.

Somo ni hili: marufuku bila mlinzi mwaminifu mlangoni ni maneno matupu. Kwa hiyo sera ya hewa isiandikwe tu na kupigwa picha. Itaje ofisi inayopima, itaje adhabu, na matokeo ya vipimo yatangazwe hadharani, ikiwemo redioni, kila mwezi.

Kuhusu viwanda, wapo wanaosema tungoje viwanda vije kwanza, sheria itafuata. Ndugu zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walionja matunda ya kungoja. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilianza kazi kando ya nyumba zao. Watoto wakapatikana na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na mtoto wake akadhurika, aliongoza mapambano mpaka kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na taasisi za serikali zilizozembea zikabebeshwa sehemu ya mzigo. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu yake Desemba 2024. Karibu miaka 17 tangu kiwanda kifunguliwe! Hakuna fidia inayoitoa risasi katika mifupa ya mtoto.

Kismayu inahitaji nishati ya jua, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu jenereta za dizeli zinatutia moshi na bei ya umeme Somalia ni miongoni mwa bei za juu duniani. Lakini jua huja na betri, na betri huchakaa. Leo, kabla mtu hajaja na tanuri la kuyeyusha risasi, jimbo liseme wazi: hakuna kiwanda cha namna hiyo karibu na makazi, na hakuna leseni bila tathmini ya mazingira iliyosomwa mbele ya wakazi.

Nazijua hoja za upande wa pili. Wanasema usalama kwanza, maana sehemu kubwa ya Juba ya Kati bado imo mikononi mwa al-Shabaab. Ni kweli, lakini bandari imo mikononi mwa serikali. Wanasema Novemba 2024 Jubaland ilikata uhusiano na serikali ya Mogadishu. Ni kweli pia, lakini kifungu cha 54 cha katiba hiyo ya 2012 kinaiachia serikali kuu mambo manne tu: mambo ya nje, ulinzi, uraia na uhamiaji, na sera ya fedha. Mengine ni ya kukubaliana, na hakuna kinachoizuia Kismayu kuanza kulinda hewa ya watu wake. Wanasema maskini ataumia. Hoja hii ndiyo nzito. Dereva wa bajaji na nahodha wa mashua wasinyang'anywe riziki yao. Wapewe muda, waliokwisha kununua waachwe, na masharti yawaangukie kwanza waagizaji wakubwa. Ushuru wa gesi ya kupikia na majiko yake upunguzwe, na gesi hiyo ifike mpaka visiwani kwa bei ambayo mke wa mvuvi anaweza kuilipa.

Kwa hiyo naiomba serikali ya Jubaland: pimeni mafuta, wekeni ukomo wa umri wa magari, vitangulieni viwanda kwa sheria. Nawaomba wazee wa visiwani na wafanyabiashara wa Kismayu: ulizeni habari ya sera hii katika kila kikao mnachoitwa. Funguo za bandari mnazo, waheshimiwa wa serikali. Zitumieni.