Muziki Shuleni Si Burudani ya Wageni

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Katoro)



Nimeombwa kuzungumzia muziki katika shule za serikali. Najua wapo watakaouliza: madarasa yamejaa, madawati na vyoo havitoshi, muziki wa nini? Swali hilo ni la haki. Siombi fedha za madawati zinunue ngoma. Naomba tutumie kile ambacho sharika zetu tayari zinacho.

Jambo hili si geni kwetu Walutheri. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule, akasema angekuwa na watoto wangejifunza lugha na historia, na pia kuimba, muziki na hisabati. Hapa kwetu, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kama Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi walifundishwa nyimbo na dansi za Wazungu huku ngoma za kwao hawazijui.

Leo mlango uko wazi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Kikwazo ni mwalimu. Asiyefundishwa muziki atafanya nini na kipindi hicho, zaidi ya kuwaimbisha watoto wimbo wa kumpokea mgeni rasmi?

Kuimbishwa na kufundishwa ni vitu viwili. Mtoto anayefundishwa huhesabu mapigo, hungoja zamu yake, na husikiliza sauti ya mwenzake kabla ya kutoa yake. Wazee wa Usukumani walilijua hili. Katika bugobogobo majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na anayekwenda peke yake huonekana mara moja.

Hapa Katoro mtoto anayeichoka shule hana mbali pa kwenda. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto waliofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wakiingia mashimoni na kushika zebaki. Sisemi kwaya itamaliza utumikishwaji wa watoto. Umaskini hauondoki kwa wimbo. Lakini mtoto anayeshindwa hesabu, ikiwa ndiye anayetegemewa kwenye ngoma, anayo sababu ya kurudi shuleni Jumatatu.

Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila usharika umtoe mwalimu wa kwaya mmoja, kipindi kimoja kwa wiki, kwa makubaliano na mwalimu mkuu na kamati ya shule. Usharika umlipie nauli.

Pili, tuanze na noti za solfa. Walimu wetu wengi wa kwaya wanazifahamu, nazo zinahitaji ubao na chaki tu. Ngoma na kayamba hutengenezwa na mafundi wetu wenyewe.

Tatu, shule ni ya wote. Wamo watoto wa Kiislamu, wa Kikatoliki na wa madhehebu mengine. Tufundishe muziki, nyimbo za ibada zibaki kwenye kipindi cha dini. Mzazi asiye wa imani yetu asije akajuta kutuamini.

Kwa wafadhili wetu: kabla ya kututumia vinanda, tusaidieni kusomesha walimu. Tunacho Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kinachofundisha muziki, na serikali ina taasisi yake ya sanaa Bagamoyo. Kinanda kikikosa fundi huishia stoo. Mwalimu aliyefunzwa hufundisha mpaka anastaafu.

Kila kamati ikirudi nyumbani ijadili na kutuletea, kabla ya robo mwaka ijayo, majina mawili: la shule na la mwalimu wa kwaya.