Somo la Redio: Kuunga Picha za Katuni Ziwe Vidio Moja

Leo tutajifunza kazi moja ya kompyuta. Shikeni daftari na kalamu, maana hesabu zipo.

Katuni ni picha nyingi zilizosimama. Kila picha yatofautiana kidogo na ile iliyoitangulia. Zikipita upesi mbele ya macho, tuseme picha 25 kwa kila sekunde, jicho haliwezi kuzitenga. Huona kitu kimoja kinachokwenda.

Mkoa wetu wa Ruvuma una sehemu yake katika kazi hii. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alizaliwa upande wa Tunduru. Mtindo wake ulifuatwa katika katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC ya Uingereza kuanzia mwaka 2010. Kila hadithi ni ya dakika 11 hivi. Haya, tupige hesabu. Dakika 11 ni sekunde 660. Kwa picha 25 kila sekunde, tunapata picha 16,500!

Kompyuta yaweza kuhifadhi kila picha katika faili lake peke yake. Hapo picha ni kama samaki waliomwagwa mchangani. Programu ya kuunga huwatia wote katika mtungo mmoja, na mtungo huo ndio vidio. Programu mbili zifanyazo kazi hiyo ni FFmpeg na Blender. Zote hupatikana bure, na zikisha kuingizwa katika kompyuta hazihitaji intaneti.

Programu lazima iambiwe mambo matatu.

Kwanza, majina ya picha. Mara nyingi kompyuta hupanga namba kama kamusi ipangavyo maneno: baada ya 1 huweka 10, ndipo 2. Kwa hiyo tutie sifuri mbele: 00001, 00002, 00010. Tumeandika tarakimu tano kwa sababu 16,500 ina tarakimu tano. Tena namba zisirukwe. Ikikosekana moja katikati, FFmpeg huishia hapo, na picha zilizobaki haziingii katika vidio.

Pili, mwendo. Picha zilizochorwa ziende 12 kwa sekunde zikipitishwa 25, mzee mwenye mkongojo atakimbia zaidi ya mara mbili ya mwendo wake.

Tatu, aina ya vidio itakayotoka. Aina iitwayo MP4 hufunguka katika simu nyingi.

Labda mtauliza: kwa nini tusitengeneze vidio moja kwa moja, tukaacha taabu ya picha moja moja? Jibu ni umeme. Kutoa picha za katuni kwaweza kuchukua usiku kucha. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika vidio, mara nyingi faili hilo halifunguki tena, na kazi yote imepotea. Lakini picha zikihifadhiwa moja moja, zilizokwisha zimekwisha. Umeme ukikatika kwenye picha ya 9,000, hiyo moja huenda ikaharibika. Ifuteni, kisha mwendelee kuanzia hapo. Kuziunga baadaye ni kazi fupi, hata ikirudiwa.

Basi, shikeni kanuni hii: picha kwanza, vidio baadaye. Wala msizifute picha kabla ya kuitazama vidio yote, tangu mwanzo hata mwisho. Mkiona kosa, mtasahihisha picha chache tu na kuunga upya.

Maswali ya kujibu daftarini:

1. Katuni ya dakika 2, yenye picha 25 kwa sekunde, ina picha ngapi?
2. Katika katuni hiyo, namba ya picha ya saba itaandikwaje?
3. Umeme umekatika kwenye picha ya 1,200. Mtaanza tena wapi?

Someni tena polepole, na asiyeelewa amwulize mwenziwe. Kwaherini.