Kasi ya Boti Si Mashine Peke Yake



Siku moja nilipanda boti ya kasi kutoka Mokowe kwenda Lamu. Kabla hatujaondoka, nahodha, kijana mdogo tu, alimwambia mzee mmoja mnene aliyeketi omo: "Ami, tafadhali sogea huku nyuma kidogo." Mzee akakasirika. "Mimi nimelipa nauli kama wengine. We tia moto twende!"

Tukaenda. Mashine ilinguruma, pua ikachimba maji, sote tukalowa, na mwendo hatukuuona. Mwishowe nahodha akapunguza moto, akamsihi tena. Mzee akahama. Mashine ni ile ile na mafuta ni yale yale, lakini safari hii boti ilinyanyuka, ikateleza.

Wengi wetu hudhani kasi ni nguvu ya mashine. Sivyo. Boti ya namna hii ikishika mwendo hupanda juu ya maji, ikabaki inagusa kwa sehemu ndogo tu ya tumbo lake. Uzito ukizidi omo, tumbo kubwa hubaki majini na mafuta huteketea bure. Ukizidi tezi, boti huchelewa kupanda, na ikipanda hudundadunda. Hata mashine ina kimo chake: ikifungwa chini mno, mguu wake huburuta maji, ikifungwa juu mno, rafadha hunyonya hewa na kuzunguka bila kushika. Wazee wetu wa majahazi walilijua hili, ndiyo maana hawakutupa farumi ovyo.

Lakini wepesi ule ule unaoleta kasi huweza kuua. Mwingereza Donald Campbell aliweka rekodi ya dunia huko Australia mwaka 1964, kwa boti yake Bluebird, kilomita 444 kwa saa. Mwaka 1966 aliitia mashine ya ndege iliyokuwa nyepesi na yenye nguvu zaidi kuliko ya kwanza. Haikutosha, ilibidi mgawanyo wa uzito ubadilishwe. Tarehe 4 Januari 1967, katika ziwa la Coniston, Uingereza, alikwenda kwa wastani wa kilomita zipatazo 478 kwa saa. Rekodi huhesabiwa kwa kwenda na kurudi, basi akageuza mara moja. Alipokwisha kupita kilomita 500, pua iliinuka, upepo ukaingia chini, boti ikaruka na kupinduka. Campbell akafa. Mwili wake ulitolewa ziwani mwaka 2001.

Yule alikuwa bingwa, peke yake ndani ya boti, na mafundi wakimtazama. Boti zetu hazikaribii kasi ile, lakini zinabeba kina mama, watoto na magunia, na maji hayamjui bingwa wala abiria. Nahodha akikwambia keti hapa, hakudharau, anapima. Nawe nahodha, usimpakie mtu wa mwisho kwa tamaa ya nauli yake, kisha ukataka kufidia uzito kwa kutia moto. Na using'oe nanga kabla kila mtu hajavaa jaketi la kuokolea.

Wahenga walisema, kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi tusigombee tezi wala omo. Tuketi tulipopangwa, tufike sote.