Mwaka 1897: Hati ya Uhuru na Uwanja wa Mpira
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Simbo, Kigoma)



Nimeombwa nizungumze juu ya historia na michezo. Nimechagua mwaka mmoja tu, 1897, na mahali pamoja, Unguja. Msiniulize Unguja inatuhusu nini sisi watu wa ziwani. Misafara iliyotoka Ujiji ilipita Uvinza, ikavuka Malagarasi, ikafika Tabora, ikateremka hadi Bagamoyo. Na ng'ambo ya Bagamoyo ni Unguja. Pembe za ndovu zilikwenda kwa njia hiyo, na watu pia walikwenda kwa njia hiyo. Wamanyema wa Unguja hawakuota kule kama mikarafuu.

Mwaka 1897 ulianza huku jumba la Sultani likiwa bado na makovu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akakamata jumba bila ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zilipiga mizinga kwa muda usiofika saa moja. Upande wa jumba watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na Hamoud bin Mohammed akawekwa kitini.

Huyo Hamoud ndiye aliyetia sahihi, tarehe 6 Aprili 1897, hati iliyosema kwamba mahakama za Unguja na Pemba hazitautambua tena utumwa. Ni jambo kubwa, ndugu zangu. Lakini isomeni hati hiyo vizuri. Mtumwa hakuwa huru siku ile. Ilimpasa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki. Masuria waliachwa nje. Bwana aliyepoteza mtumwa aliweza kulipwa fidia. Mtumwa aliyepoteza ujana wake hakulipwa kitu. Basi waliojitokeza mwanzoni walikuwa wachache. Mtu angeomba vipi uhuru, na kibanda chake kimo katika shamba la bwana? Masuria walingoja hadi 1909.

Miezi miwili baadaye, tarehe 22 Juni, himaya yote ya Waingereza ilisherehekea miaka 60 ya Malkia Victoria. Katika miaka hiyo michezo ilikuwa sehemu ya utawala. Unguja palikuwa na Klabu ya Waingereza tangu 1888, na mlango wake haukuwa wa kila mtu. Huko mbali, Ranjitsinhji, mwana wa ukoo wa kifalme wa Kihindi, aliichezea Uingereza kriketi, na Desemba 1897 mjini Sydney alipata mikimbio 175. Mlango ulimfungukia mwana wa mfalme, lakini mpagazi hakufunguliwa.

Hata hivyo palikuwa na uwanja mwingine. Kiungani, nje kidogo ya mji upande wa kusini, misheni ya UMCA ilikuwa na chuo. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Hapo kandanda ilikuwa imekwisha kuota mizizi kabla ya mwaka huo. Fikirini mtoto aliyetekwa bara, asiyemjua tena baba wala ukoo. Jina lake la nyumbani limepotea njiani. Lakini akipewa nafasi katika watu 11, wenzake humwita, humtafuta kwa pasi, humngoja arudi akiumia. Sisemi mpira ulimpa uhuru. Ulimpa nafasi ambayo hati haikumpa: kuhesabiwa bila kwanza kuonyesha nyumba na mali. Wanafunzi wa Kiungani waliporudi bara wakiwa walimu, mchezo nao ulisafiri.

Na huku kwetu je? Wajerumani walijenga kituo chao Ujiji mwaka 1896. Hawakufuta utumwa; walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa katika Tanganyika ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kati ya hati ya Unguja na sheria yetu ni miaka 25. Reli ilikuwa imekwisha fika Kigoma tangu 1914. Garimoshi liliwahi kufika kabla ya uhuru wa mtumwa.

Vijana, nawaachia mambo mawili. Kwanza, mkisoma kwamba watu walipewa haki, ulizeni: waliichukua kwa njia gani, na nani alizuiwa mlangoni? Pili, mkiingia uwanjani, mwangalieni yule asiye na viatu, asiye na jina kubwa, aliyehamia juzi kutoka ng'ambo ya ziwa. Mpeni pasi. Wazee wa Ujiji wangali na habari walizoachiwa na babu zao juu ya misafara ile. Nendeni na daftari, mkaandike. Makaratasi ya wakubwa yametunzwa. Habari za wanyonge zinangoja mikono yenu.