Mikono ya Wazee Wetu



Usiku katika Taraweh, mtazameni mzee anavyoinuka kutoka sijda: anaweka viganja chini, anasukuma, ndipo magoti yafuate. Atakwambia, "Mikono yangu bado ina nguvu." Ni kweli, lakini mikono hiyo sasa inafanya kazi ya miguu. Umri ukishapita miaka 60 misuli hupungua kwa kasi, na ya mapaja hutangulia ya mikono. Ndiyo maana daktari akitaka kujua nguvu za miguu, humwambia mzee ainuke kitini amekunja mikono kifuani.

Basi vijana, tusimvute mzee mkono; bega laweza kuteguka. Tumwekee kiti chenye pa kushikia, tusimame karibu, tumwache asukume mwenyewe. Wala tusimpokonye kila kazi, kama kukuna nazi au kubeba kindoo cha maji. Nguvu isiyotumika huondoka.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, Allah (S.W.) ametutajia udhaifu, kisha nguvu, kisha udhaifu na mvi. Leo ni wao, kesho ni sisi.

Wabillahi tawfiq.